Nani Anapaswa Kuniandika?

Mimi ni mke wa mtu Tororo, na fedha zangu ni zangu. Baba mdogo wa mume wangu, mzee wa Kinyole aliyesoma dini miaka mingi na anayesikilizwa msikitini kwetu, huona kwamba maneno hayo mawili hayakai nyumba moja. Mke akishaolewa, husema, mlinzi wa mali yake ni mumewe. Akienda kutafuta benki, tena benki ya nchi ya watu, ametangaza kwamba kuna siku anaingoja. Hajawahi kunifokea. Hunieleza taratibu, akiwa amekaa mkekani, na kila mara humalizia kwa kuniita "binti yangu", jambo linalozidisha ugumu wa kumjibu.

Nitamjibu hapa, kwa sababu swali lake si la benki. Anauliza kama muumini anayetaka kila kitu kiandikwe amepungukiwa na imani: imani kwa mume, kwa jamaa, hata kwa Mola wake. Ni swali zito, na nadhani amelishika penye makali.

Nimezaliwa Majengo, Mombasa. Nilikuja kusoma Mbale, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa 1988, na huko nikakutana na kijana wa Butaleja, wilaya iliyokuwa sehemu ya Tororo mpaka ilipomegwa mwaka 2005. Nikaha ilisomwa Mombasa na cheti cha kadhi ninacho. Nauza leso. Nazinunua Biashara Street, zinapanda basi la usiku hadi Busia, na hapo nazigawa: nyingine hubaki kwenye kibanda nilichokodi Sofia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani, na nyingine huenda nami Tororo, kilomita zipatazo 30 kwa barabara ya malori. Ukikaribia mwezi wa Ramadhani naongeza tende. Faida yake inatosha karo ya watoto na kumrudishia mwenye mali wa Mombasa mkopo wa mzigo, na mwaka ukiwa mwema inabaki kidogo.

Hicho kidogo ndicho chenye mjadala. Katika fiqhi hakina utata wowote. Mahari ni ya mwanamke mwenyewe, si ya baba yake; alichochuma ni chake; na mume anadaiwa masurufu ya mkewe hata kama mke ni tajiri kumshinda. Sasa tuseme fedha za leso naziweka kwenye akaunti ya mume wangu, kama wafanyavyo wake wengi hapa. Mume wangu ni mwaminifu, lakini uaminifu haumzuii mtu kufa. Siku akifariki, kilichomo kwenye akaunti ile ni mirathi. Tuna watoto, kwa hiyo fungu langu ni thumni. Wazee watakaa, kalamu itachukuliwa, nami nitaandikiwa moja ya nane; zilizobaki zitakwenda kwa mama yake na kwa watoto. Nitakuwa nimerithishwa thumni ya fedha zangu mwenyewe. Wakigawa kwa Sheria ya Urithi ya Uganda kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, mjane ambaye mumewe hakuacha wosia ana asilimia 20. Nafuu kidogo kwa hesabu, lakini bado narithi nilichokuwa nacho.

Upande wa pili wa jambo hili baba mdogo haugusi. Nikiambiwa nitenge changu kabla ya mgawo, nitatenga kiasi gani? Nikikadiria nikazidisha, nimekula mali ya mayatima, na katika Suratu Nisaa onyo la kula mali hiyo ni kali kiasi kwamba ustadh wetu wa utotoni alikuwa hawezi kulisoma bila sauti kubadilika. Mayatima wenyewe ni wanangu, lakini hilo halinitoi hatiani. Kwa hiyo ninapotaka akaunti yangu, namwogopa Mungu kwa ajili ya haki za pande mbili, mimi na wanangu. Namwachia msomaji apime kama huo ni upungufu wa imani.

Watu wa pwani wataniuliza: si una akaunti ya Kenya? Ninayo tangu Mombasa, na benki za Busia ya Kenya ziko karibu hata mtoto anatumwa. Lakini wateja wangu wananilipa shilingi ya Uganda, kodi ya kibanda nailipa kwa shilingi ya Uganda, na karo vilevile. Kila ninapopeleka mauzo ng'ambo napita kwa wale vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi, nazigeuza kwenda, nazigeuza kurudi, na kila mgeuzo una wake anayekula. Laini yangu ya simu ya Uganda nayo ilisajiliwa kwa kadi ya wifi yangu, kwa hiyo hata fedha za simu, mbele ya sheria, ni za wifi. Ni mtu mwema sana, lakini nilitaka kuwe na mahali pamoja katika nchi ninayoishi ambapo jina langu na fedha zangu vimekaa mstari mmoja.

Nikaenda benki, Busia upande wa Uganda. Ni benki gani haina maana. Naamini jirani yake angenijibu hayohayo.

Afisa wa akaunti alikuwa kijana mpole, Kiswahili chake cha kujifunzia sokoni, na akakitumia chote kwa ajili yangu. Nilimpa kitambulisho changu cha Kenya. Tangu 2014 kadi hiyo inatosha kumvusha Mkenya kuingia Uganda, na Mganda kuingia Kenya, bila pasipoti. Akaniambia kadi inakuvusha, haikufungulii akaunti. Alitaka pasipoti, alitaka karatasi ya uhamiaji inayosema naishi hapa kwa ruhusa gani, alitaka barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chetu, na picha. Nikaziandika. Akatazama cheti cha ndoa, akatazama kadi, akauliza mbona jina la mume halimo kwenye jina langu. Nikamwambia nina jina langu, la baba yangu na la babu yangu, na kwetu mwanamke haliachi jina la baba kwa sababu ya kuolewa. Akacheka, akasema hata kwao Teso zamani ilikuwa hivyo. Sijui kama ni kweli, lakini nilimpenda kwa kusema.

Kisha akaingia ndani kumuuliza mkubwa wake, akatoka na sharti jingine: barua ya mume, yenye nakala ya kadi yake ya taifa, akisema ananifahamu na hana pingamizi mimi kufungua akaunti.

Sikuonyeshwa sheria inayodai barua hiyo. Nikamuuliza, kama mume wangu angekuja kufungua akaunti Mombasa, mnadhani angedaiwa barua yangu? Akatazama chini. Halikuwa swali la kumuuliza yeye.

Mume wangu aliandika barua siku hiyohiyo, kwa hasira kuliko mimi, na nikamwomba aiandike upya kwa adabu. Lakini jambo lilishaniingia, na usiku nikakitoa kitabu cha marehemu baba yangu: tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyochapishwa 1969, ambayo kwetu ilikaa juu ya kabati kwenye kitambaa cheupe. Nikafungua Suratul Baqara, aya ya 282.

Ni aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, na inahusu deni. Wengi tunaijua kwa amri yake ya mwanzo, kwamba waumini wakikopeshana kwa muda waandikiane. Wafanyabiashara wa Kiislamu wa Busia huitaja wakitaka kumbana mtu. Ila amri ile imepita kwa maneno machache. Yanayofuata ni mengi zaidi, na yanamwelekea mtu mwingine kabisa: mwandishi. Aandike kwa uadilifu. Asikatae kuandika, maana ujuzi huo ni Mungu aliyempa. Mashahidi nao wasikatae wakiitwa. Watu wasichoke kuandika, jambo liwe dogo au kubwa. Na mwishoni, mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Nilisoma mara nyingi usiku ule nikitafuta mzigo uko wapi, na kila nikisoma nikaona uko kwa mwenye kalamu. Mungu alipotuamuru tuandikiane hakutuacha tuhangaike kutafuta wa kutuandika. Alimkamata mwenye kalamu akamwambia wewe huna ruhusa ya kukataa.

Sisi tumeichukua nusu ya kwanza, serikali zimeichukua nusu ya kwanza, benki zimeichukua nusu ya kwanza. Kila dirisha linanidai niwe nimeandikwa, na kila dirisha linaniambia mwandishi yuko dirisha jingine.

Halafu kuna habari ya walii. Aya inataja watu ambao hawasemi wenyewe mbele ya mwandishi, bali walii wao anasema kwa niaba yao: asiye na akili timamu ya mali, aliye dhaifu, na asiyeweza kutamka. Watatu hao tu. Mke hakutajwa humo. Mgeni hakutajwa humo. Barua ile ya mume wangu ilikuwa ya walii, na tangu siku ile nauliza waliniweka katika kundi lipi kati ya hayo.

Kuna neno jingine ndani ya aya hiyo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu usiku. Anayetakiwa kutamka mbele ya mwandishi ni mdaiwa, kwa sababu anachokikiri ndicho kinachomfunga. Sasa, nikiweka fedha benki, mdaiwa ni nani? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Abu Dhabi mwaka 1995, iliamua kwamba fedha za akaunti ya kawaida, zile mtu anazoweza kuzitoa wakati wowote, hata zikiwa katika benki za kawaida, kisheria ni mkopo: mteja amekopesha, benki imekopa na inadaiwa kurudisha. Hoja ni nyepesi kuielewa. Amana kwa maana ya fiqhi ni kitu unachokirudisha chenyewe bila kukitumia. Benki inazitumia fedha zako, na inazidhamini hata zikipotea. Basi mimi, mwanamke wa leso, nilisimama kwenye kaunta ile kama mkopeshaji. Mkopaji akanitaka mimi nimletee mtu wa kunithibitisha.

Naipa benki haki yake, maana sipendi hoja inayoshinda kwa kuficha nusu. Benki haikuuliza maswali yale kwa kuogopa nisilipe. Iliuliza kwa sababu sheria ya Uganda ya mwaka 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha inaitaka imjue mteja, na kwa sababu Busia kweli hupita fedha chafu. Anayekataa hilo hajawahi kukaa Sofia. Mwezi Februari 2024, FATF, chombo cha kimataifa chenye makao Paris kinachosimamia mambo hayo, kiliitoa Uganda kwenye orodha yake ya kijivu na kuiingiza Kenya, katika mkutano uleule. Kwa hiyo nilipokuwa nikisimama pale, nchi yangu ndiyo iliyokuwa ikitiliwa shaka, na afisa alinidokeza kwamba karatasi za Wakenya sasa hutazamwa mara mbili. Sikuona uonevu katika hilo. Mwenye nyumba kuweka bawabu ni haki yake.

Ila bawabu aliyeambiwa amjue mgeni na akawa hana njia ya kumjua, hulinda nini? Mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chetu ananijua. Alikula pilau yangu siku ya akika ya mtoto wa pili, na wezi walipoingia kwa jirani nilikuwa miongoni mwa walioitwa kutoa habari. Barua yake ilikuwa mistari mitatu na muhuri. Wenyeviti hao, kwa bahati, ndio viongozi waliokaa bila kupigiwa kura tangu 2001 mpaka Julai 2018, na bado muhuri wao ndio mlango wa kila ofisi Uganda. Benki iliipokea barua ile kama kiambatisho. Uzito wote uliwekwa kwenye karatasi ya uhamiaji, iliyotolewa na mtu ambaye hajawahi kuniona ila kwenye picha. Anayenijua maandishi yake hayahesabiwi, na ambaye maandishi yake yanahesabiwa hanijui.

Na kama ni kujuana, basi tujuane pande zote mbili. Mama mkwe wangu hajaweka senti benki tangu 1987, mwaka ambao serikali ya Uganda ilikata sufuri mbili kwenye shilingi na kutoza kodi ya asilimia 30 katika kubadilisha za zamani kwa mpya. Akiba yake ni ng'ombe, na noti za Kenya kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa imani ambayo mimi Mkenya naiona imezidi kipimo. Kwetu Kenya, kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu zilitiwa chini ya mrasimu, na Oktoba 2016 Benki Kuu ya Uganda ikaichukua Crane Bank. Katika zote, wenye akaunti walikuwa wameleta kila karatasi waliyoombwa.

Mpaka wenyewe unafundisha mengi kwa anayeutazama. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Kenyatta na Rais Museveni, kilijengwa ili mzigo usisimame mara mbili. Mama mwenye magunia ya maharage yasiyozidi thamani ya dola 2,000 hujaza karatasi moja nyepesi palepale forodhani, ikagongwa muhuri, na maharage yake yakawa na cheti kinachosema yametoka wapi. Mwandishi yuko pale, meza iko pale, na hana ruhusa ya kumrudisha mama yule ikiwa bidhaa imo kwenye orodha. Nimewahi kuketi nikingoja karatasi zangu huku nikitazama maharage yakiandikwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Imeanzia tu na mbegu badala ya watu.

Kwa mume wangu uandishi ulishafanyika kabla hajazaliwa. Katiba ya Uganda ya 1995 ina jedwali la makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na Wanyole wamo. Ni tarehe ya ajabu kuifanya mizani ya utu wa mtu, ila imekwisha kuandikwa na watoto wetu wanaipata bure kupitia kwake. Wasamia na Wateso wamo pia, nao wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo Busia kuna watu ambao shangazi ameandikwa huku na mpwa ameandikwa kule, na wote huzikana makaburi yaleyale. Mimi sina jedwali la kunibeba. Sidai niwekwe humo. Nasema tu kwamba aliyekosa jedwali ndiye anayemhitaji mwandishi zaidi, na ndiye anayerudishwa mara nyingi zaidi.

Hili sikujifunza Uganda. Msichana wa Kiislamu wa Mombasa wa wakati wangu alijifunza mapema, akifika miaka 18, alipokwenda kuomba kitambulisho na kuambiwa alete vyeti vya bibi na babu, wakati mwenzake waliyeketi dawati moja aliyetoka bara ameshapewa chake. Na hapo kusini mwetu, Kwale, waliishi Wamakonde ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, wakazaa, wakazeeka, wakazikwa bila kuandikwa popote. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale kwenda Nairobi ili waandikwe, na ndipo rais akaamuru wapewe vitambulisho. Wapemba wa pwani ya Kenya wakangoja hadi 2023. Katika miaka yote ile hakuna aliyewaambia wasiwe na vitambulisho. Waliambiwa wangoje. Mwandishi anayekataa hasemi hapana. Husema leo mtandao hauko, husema kiongozi ametoka, njoo Jumatatu.

Qur'ani inamfikiria hata aliye mbali na mwandishi. Aya inayofuata, ya 283, inamtazama msafiri asiyepata wa kumwandikia: atoe rehani mkononi, na wakiaminiana, basi aliyeaminiwa atekeleze. Nimeifikiri sana aya hiyo nikiwa kwenye teksi za Tororo. Msafiri hakuambiwa biashara imefungwa mpaka arudi kwao. Alifunguliwa mlango wa pili, kisha wa tatu. Na Maswahaba waliohama Makka waliishi hivyo. Abdurrahman bin Auf alifika Madina mikono mitupu. Mwenyeji wake, Saad bin Rabi, akajitolea kumgawia nusu ya mali. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo, akaanza na samli na jibini. Huwa namkumbusha baba mdogo kisa hiki. Mgeni yule alikataa kukaa chini ya mkono wa mwenyeji mwema, na hakuna hata mmoja aliyemwambia amekosa imani.

Mtu mwenye kusoma ataniambia nimeiruka sehemu isiyonipendeza, ile ya mashahidi: wanaume wawili, na wasipopatikana, mwanaume mmoja na wanawake wawili, ili mmoja akipotewa mwenzake amkumbushe. Siiruki. Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki 1905, alieleza kwamba sababu ni mazoea: wanawake wa wakati ule hawakuwa watu wa mikataba ya fedha, na mtu husahau asichokizoea. Mimi sina elimu ya kumzidi wala ya kumpinga. Nina kibanda Sofia tu. Anayetaka kujua nani anadaiwa nini na nani, kuanzia mwenye mchele mpaka mwenye samaki, na kwa bei ya siku gani, huwauliza wanawake wawili wauza ndizi waliokaa mkabala nami. Wanaume wa pale nao huja kuwauliza. Nimewahi kumwona mmoja wa wanawake hao akimkumbusha mwenzake, na nimewaona wote wawili wakimkumbusha polisi.

Akaunti ilifunguliwa mwishowe. Karatasi ya uhamiaji ilitoka, pasipoti ilitoka, barua ya adabu ya mume ikaingia kwenye faili. Nilichagua akaunti isiyo na riba. Benki ya kwanza ya Kiislamu ya Uganda ilipata leseni 2023 na haiko njiani kwangu. Yule afisa Mteso ndiye aliyenijazia fomu, na kwenye mstari wa mdhamini akauliza aandike nini, kwa maana mkubwa wake alikuwa amebadilishwa na mpya hakuitaka tena ile barua. Nikamwambia apige mstari. Akapiga.

Baba mdogo nilimpelekea hoja yangu yote baada ya sala ya Alasiri, aya kwa aya. Alinisikiliza, na alinijibu kama mwanachuoni, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko angekubali. Aya, alisema, inazungumzia deni lenye muda maalumu. Akaunti yako huitoa siku yoyote, kwa hiyo umeivuta mbali. Pili, mwandishi wa aya ni mtu kati ya watu wawili, wala si serikali. Tatu, wako waliosema amri ile ni ya kupendekeza, si ya lazima. Na wako waliosema ni fardhi kifaya, akifanya mmoja imewatoka wengine.

La kwanza nilimkubalia kiasi, ingawa nikamwambia kama deni la muda lina haki ya kuandikwa, lisilo na muda lina haki zaidi. La pili tulibishana mpaka chai ikapoa. Hilo la tatu ndilo nililolishika. Fardhi kifaya ni kama kumzika maiti: wakijitokeza wachache imewatosha wote, asipojitokeza mtu, mji mzima una dhambi, aliyejua na aliyeweza kujua. Basi Busia hii yenye maofisa wa mataifa mawili, mabenki, wenyeviti, mawakala wa forodha na vijana wenye kompyuta kila kona, mwanamke akikaa mwaka bila mtu wa kumwandika, dhambi ile inagawanywa vipi? Thumni?

Alinitazama muda, akasema mimi ni mkaidi kama watu wote wa Mombasa. Nikamwambia kuna mama wa Kisamia, kaolewa hapa kutoka Port Victoria ya Kenya, amekuwa akingoja barua ya mwenyekiti tangu Mfungo Mosi kwa sababu mumewe yuko Juba na mwenyekiti hataki kuandika bila mume; yeye baba mdogo anaheshimika kijijini pale, twende sote, tutabishana njiani. Akavaa kanzu. Akasema yuko tayari kuwa shahidi, lakini hajakubali hata neno moja katika niliyoyasema, na nauli ya boda nilipe mimi.